Chupa chache za rangi zatosha kuzipa kucha nakshi za kuvutia

KUNA imani iliyokita mizizi miongoni mwa wapenzi wengi wa urembo kwamba kucha zenye nakshi haziwezi kupatikana ila saluni, tena kwa fundi mwenye rafu iliyosheheni chupa za kila rangi. Imani hiyo ndiyo huwafanya akina dada kununua chupa moja leo na nyingine mwisho wa mwezi, kuzipaka mara mbili tatu, kisha kuzisahau ndani ya kikapu cha vipodozi hadi rangi igande.

Kumbe kikapu hicho hicho kinatosha. Kinachokosekana aghalabu si chupa nyingine, bali ni subira ya kungoja tabaka moja likauke kabla ya kupaka jingine, pamoja na ufahamu wa jinsi rangi yenyewe inavyofanya kazi.

Hesabu yake ni nyepesi. Aliye na chupa sita za rangi tofauti anaweza kupata jozi 15 za rangi mbili mbili. Na kwa kuwa nukta nyeupe juu ya ukucha mweusi si sawa na nukta nyeusi juu ya ukucha mweupe, jozi hizo huzaa mitindo 30, hata kabla ya kuchanganya rangi au kutumia tatu kwa pamoja. Kwa mwanafunzi wa chuo au mama anayeuza mboga sokoni, tofauti kati ya kujirembesha nyumbani na kwenda saluni kila wiki mbili si jambo dogo.

Hapa Kenya watu wengi huiita rangi ya kucha Cutex, bila kujali imetengenezwa na nani. Jina hilo ni la kampuni ya Marekani ambayo mnamo 1911 ilianza kuuza dawa ya kulainisha na kuondoa ngozi inayozunguka shina la ukucha, na ndiyo ngozi hiyo iliyoipa jina. Rangi ya majimaji ilifuata miaka michache baadaye. Mwaka wa 1932 kampuni ya Revlon ilianzishwa, na ikapata umaarufu kwa kutumia chembechembe za rangi zinazofunika ukucha kabisa badala ya maji ya rangi yaliyouacha ukionekana kwa ndani. Bila mabadiliko hayo, leo isingewezekana kuweka nukta nyeupe juu ya rangi nyeusi na ikaonekana.

SIRI IKO KWENYE KUKAUKA

Ndani ya chupa ya kawaida mna nitroselulosi, kitu ambacho kikikauka hugeuka utando mgumu unaong'aa. Nitroselulosi hiyo huyeyushwa kwa vimiminika vinavyoruka hewani upesi, hasa ethili asetati na butili asetati, na hivyo ndivyo vyenye ile harufu kali. Rangi inapopakwa, vimiminika hivyo hutoweka na utando hubaki. Kukauka kwa rangi ya kucha ni kuondoka kwa vimiminika hivyo, wala si jambo jingine.

Kutokana na hayo mambo mengi hueleweka. Tabaka nene hukauka juu likafunga njia, huku chini likiwa bado bichi. Ndiyo maana mtu hulala akidhani kucha zimekauka, akaamka zikiwa na alama za shuka. Tabaka mbili au tatu nyembamba, zikiachiwa dakika tatu hivi kati yake, hukauka mapema kuliko tabaka moja nene. Hata hivyo, ukavu wa kuguswa na ukavu kamili ni vitu viwili. Rangi huhitaji saa kadhaa kabla ya kustahimili maji ya moto, sufuria na kufua kwa mikono. Anayekusudia kusonga ugali jioni na apake asubuhi.

Aidha, chupa iliyoachwa wazi huzidi kuwa nzito kwa sababu vimiminika hivyo vinaendelea kuruka. Wengi huidondoshea dawa ya kuondolea rangi ili ilegee. Ni kosa. Dawa hiyo mara nyingi huwa na maji na mafuta ndani yake, na huharibu utando ambao rangi inapaswa kuutengeneza, hata ikipakwa inabanduka siku iyo hiyo. Kinachofaa ni matone mawili matatu ya kiyeyushi kilichotengenezewa rangi ya kucha, ambacho huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya saluni. Chupa nayo isitikiswe kwa nguvu, kwani hutia mapovu yatakayoonekana kwenye ukucha. Iviringishwe polepole kati ya viganja.

Kuhusu maandalizi, maelezo ni mafupi. Rangi ya zamani iondolewe, kucha zipigwe tupa kuelekea upande mmoja, na ngozi ya shina isukumwe taratibu bila kukatwa, maana ndiyo inayozuia viini kuingia. Desturi ya kuloweka vidole majini muda mrefu kabla ya kupaka haifai kwa anayetaka rangi idumu. Ukucha hunyonya maji ukavimba, na ukirudi hali yake baada ya kupakwa rangi, utando hupasuka. Ni afadhali kuufuta kwa pamba yenye asetoni kidogo ili kuondoa mafuta, kisha kupaka tabaka jembamba la rangi ya msingi isiyo na rangi. Tabaka hilo huushikilia urembo na kuzuia nyekundu na buluu kuacha madoa ya manjano.

Anayejipaka mwenyewe ataona mkono usio na mazoea ukitetemeka. Dawa yake ni kuegemeza mikono yote miwili mezani, kuishika brashi itulie, na kuuzungusha ule ukucha unaopakwa.

KANGA KWENYE UKUCHA

Wanaotafuta michoro ya kuiga hukimbilia picha za ng'ambo, ilhali michoro mingi imejaa nyumbani. Wa kwanza ni wa kanga. Inasimuliwa kwamba vazi hilo la Waswahili lilipata jina kutokana na ndege aitwaye kanga, kwa vile vitambaa vya mwanzo vilikuwa na nukta nyeupe mithili ya manyoya yake. Mtindo huo ndio rahisi kuliko yote, na unahitaji chupa mbili tu.

Kucha hupakwa nyeusi au buluu nzito, tabaka mbili, na kuachwa robo saa. Tone la rangi nyeupe huwekwa juu ya kifuniko cha bati au kisahani kisichotumika. Ncha ya pini ya nywele huchovywa humo na kuguswa ukucha ikiwa wima, bila kukandamizwa. Kichwa cha pini hutoa nukta kubwa na kijiti cha meno hutoa ndogo. Nukta hupungua ukubwa kila inapowekwa nyingine bila kuchovya tena, na hilo si dosari. Ukianzia shinani kwa nukta kubwa ukaelekea ncha, mchoro huonekana ukififia wenyewe, kama ilivyo kwenye unyoya. Nukta tano zikizunguka moja ya manjano huwa ua.

Kanga ina pindo linalozunguka na mji ulio katikati, na ukucha pia unaweza kugawanywa hivyo. Pindo la ncha peke yake ndilo ule mtindo wa ncha nyeupe unaoitwa wa Kifaransa, ingawa anayetajwa kuueneza ni Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya Orly huko Marekani, miaka ya 1970. Waigizaji wa filamu walihitaji kucha zitakazolingana na kila vazi bila kupakwa upya kila mara. Pindo la upande wa pili, yaani kukiacha wazi kile kihilali cheupe kilicho kwenye shina, lilivuma tangu miaka ya 1920 na 1930. Hakuna ulazima wa kufuata nyeupe. Ncha nyekundu juu ya ukucha wa waridi hupendeza, na ncha yenye vimetameta ina faida nyingine: ncha ndiko rangi inakoanza kubanduka, na vimetameta huficha kasoro hiyo kwa siku kadhaa.

Kiondo nacho kina mistari ya kukingama, kikoi kina mistari ya pindoni, na shuka ya Kimaasai ina miraba myekundu na myeusi. Mistari hii yote hupatikana kwa selotepu. Kipande chembamba hubandikwa kwanza nyuma ya kiganja na kubanduliwa ili gundi ipungue nguvu, ndipo kiwekwe kwenye ukucha. Rangi ya pili hupakwa juu, na selotepu huvutwa mara moja, rangi ikiwa bado mbichi. Ikingojwa ikauke, ukingo hung'oka pamoja na selotepu. Kwa upande mwingine, rangi ya chini ni lazima iwe imekauka barabara. Saa moja ndiyo kadiri ya chini, na aliye na subira hupaka rangi ya chini usiku na mistari asubuhi. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, wakaishia kuilaumu selotepu.

Vivyo hivyo kwa wanaopenda kuvaa rangi za bendera ya taifa Siku ya Jamhuri au timu inapocheza. Nyeusi, nyekundu na kijani, zikitenganishwa na mistari miembamba ya nyeupe, zaenea kwenye ukucha mmoja wa dole gumba. Kwenye kidole kidogo ni bora kuweka rangi moja kwa kila ukucha.

Kama kijani haimo kikapuni, haina haja ya kununuliwa. Buluu na manjano zikikorogwa kwa kijiti juu ya kisahani hutoa kijani. Nyeupe na nyekundu hutoa waridi, nyeupe na nyeusi hutoa kijivujivu. Nyeusi iongezwe tone moja moja, maana hufunika kila kitu. Mchanganyiko utumike upesi kabla haujaganda, na usifanyiwe kwenye vikombe vyepesi vyeupe vya kutupwa, kwani vimiminika vilivyomo kwenye rangi huviyeyusha. Manjano na rangi nyingine hafifu hupendeza zaidi zikitanguliwa na tabaka la nyeupe.

SPONJI NA MAJI

Mtindo wa rangi mbili zinazoingiana, kama anga la machweo, hutumia kipande cha sponji. Rangi mbili hupakwa sambamba juu ya sponji, zikigusana kidogo, kisha sponji hugongwagongwa juu ya ukucha uliokwisha kupakwa rangi iliyo hafifu kati ya hizo mbili. Mara ya kwanza matokeo huonekana mabaya, yenye vishimo vidogo vidogo. Hurudiwa mara mbili au tatu, na tabaka la kumalizia lisilo na rangi ndilo hulainisha yote.

Mtindo wa majini ndio unaostaajabisha watazamaji na kuwavunja moyo wanaoujaribu. Bilauri hujazwa maji yasiyo baridi wala moto, kwa kuwa maji baridi huigandisha rangi kabla haijaenea. Tone la kwanza hudondoshwa kutoka karibu sana na uso wa maji, likaenea kuwa duara. La rangi ya pili hudondoshwa katikati ya lile la kwanza, na hivyo hivyo hadi duara nne au tano zikae moja ndani ya nyingine. Kijiti huvutwa kutoka katikati kuelekea nje mara kadhaa, na mchoro hufanana na ua au jiwe la marumaru.

Ukucha uliopakwa nyeupe na kukauka huingizwa majini ukielekea chini. Ukiwa bado ndani, utando uliosalia juu ya maji hukusanywa kwa kijiti ili usishike tena wakati wa kutoa kidole. Ngozi iliyo kandokando huwa imepakwa mafuta mazito mapema, na rangi iliyoigusa hufutika kwa pamba. Rangi iliyoganda au ya zamani haienei majini, bali huzama. Basi kabla ya kuanza, kila chupa ijaribiwe kwa tone moja.

Kazi yoyote kati ya hizo ikiisha, tabaka la kumalizia lisubiri nukta na mistari zikauke, la sivyo brashi itazikokota na kuchafua kila kitu. Brashi ipitishwe pia kwenye makali ya ncha ili kuufunga utando.

Pwani iko rangi moja ambayo haihitaji chupa, nayo ni hina. Tofauti na rangi ya kawaida inayokaa juu, hina huingia ndani ya ukucha wenyewe na haiondoki ila kwa kukua. Ukucha wa kidole cha mkono hukua takriban milimita tatu kwa mwezi, hivyo huchukua karibu miezi sita kujibadilisha wote. Kwa wanawake Waislamu tofauti hiyo ina uzito. Rangi ya chupa huzuia maji ya udhu kuufikia ukucha, hivyo wengi huipaka siku ambazo hawaswali na kuiondoa baadaye, lakini hina haina kizuizi hicho. Ukucha uliotiwa hina tayari una rangi ya kahawia yenye wekundu, na nukta chache nyeupe juu yake hutosha kwa siku ya harusi. Tahadhari ni kwa piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele. Kemikali iliyomo katika dawa hizo imewatoa baadhi ya watu malengelenge na kuwaachia makovu.

YA KUCHUNGA

Hatari iliyo karibu zaidi haizungumzwi sana: rangi ya kucha na asetoni hushika moto kwa urahisi, na mvuke wake pia. Katika chumba kimoja ambamo jiko la mafuta ya taa linachemsha chai na koroboi inawaka, kufungua chupa hizo ni kuhatarisha maisha. Kazi hii ifanywe nje au karibu na dirisha lililo wazi, mbali na moto na mbali na watoto. Hewa safi huwafaa pia wenye pumu.

Kuhusu kemikali zenyewe, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mojawapo ya zilizokuwa zikitumiwa kulainisha utando, dibutili fthalati, katika vipodozi mnamo 2004, na kampuni nyingi zimeiondoa. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viungo wala tarehe haimwambii mnunuzi lolote, hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Kuna pia mkanganyiko unaowagharimu wengi madukani. Chupa za rangi ya jeli hufanana sana na za kawaida, ila jeli haikauki kwa hewa. Huhitaji taa maalumu yenye miale ya urujuanimno. Aliyeinunua bila taa atakaa siku nzima akipunga mikono bila mafanikio. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara yaweza kuleta mzio usioisha, na tangu Septemba 1, 2025, Umoja wa Ulaya umezuia kemikali moja iliyokuwa ikitumiwa kuigandisha, iitwayo kwa kifupi TPO. Jeli na rangi ya kawaida zisichanganywe kwenye kisahani kimoja.

Wapo ambao kazi yao haiafikiani na urembo huu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wanaohudumia wagonjwa wasivae kucha za kubandika na wawe na kucha fupi. Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji naye huombwa aondoe rangi, kwani rangi nzito yaweza kutatiza kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni.

Si kweli kwamba kucha huhitaji kuachwa wazi ili zipumue. Ukucha unaoonekana ni keratini isiyo na uhai, na mahitaji yake hutoka kwenye damu iliyo shinani. Hata hivyo, rangi ikikaa wiki nyingi huacha mabaka meupe yanayokwaruza, na asetoni ikitumiwa kila siku hukausha kucha zikakatika. Wiki moja hivi yatosha kwa nakshi moja. Baada ya kuiondoa, mafuta ya nazi au mafuta mazito ya kujipaka husuguliwa shinani na kuachwa usiku kucha.

Vimetameta ndivyo vinavyosumbua wakati wa kuondoa. Wengi huvibandua kwa meno au kwa ukucha mwingine, na kila kinachobanduka hutoka na tabaka jembamba la ukucha. Dawa yake ni kipande cha pamba kilicholoweshwa asetoni, kuwekwa juu ya ukucha, kufungwa kwa karatasi ya aluminiamu na kuachwa dakika tano. Karatasi ikivutwa huku kidole kikibanwa kidogo, pamba hutoka na vimetameta vyote.